Fyuzi haina kosa, muulize waya

Leo nina neno na nyie mnaoendesha mikweche, na nyie mnaopanda mikweche ya watu, maana wote tumo humo humo.

Magari kibao yanayotembea hapa Dar yalishakula miaka ishirini na kitu, mengine yalitoka kiwandani Japani wakati baadhi yenu hamjazaliwa. Injini bado zinanguruma vizuri tu. Kinachotutoa jasho ni umeme. Unatengenezwa Jumatatu, Alhamisi umerudi kule kule. Fundi anachukua mshiko, anabadili kitu, taa zinawaka, mnapeana mikono, na safari ya tatu giza totoro.

Mimi nasema hivi: ubovu unaorudi haukutengenezwa. Ulifunikwa tu.

Kuna mshikaji wangu wa Tabata anapiga teksi kwa Corolla ya mwaka 1994. Gari si lake, jioni ikifika hesabu ya tajiri lazima itoke, hata kama mvua ilinyesha mawe. Miezi kama miwili hivi fyuzi ya taa ndogo ikawa inaungua kila mara. Kwenye Toyota za miaka ile imeandikwa TAIL, ni ya ampia 15, rangi ya bluu. Ubaya wake ni huu: ikikatika, taa za nyuma na za dashibodi zinazima, lakini taa kubwa za mbele zinabaki zinawaka kama kawaida. Dereva anaiona njia, ila wa nyuma hamuoni yeye. Alfajiri moja, Barabara ya Morogoro, lori lilimkwepa sekunde ya mwisho. Siti ya nyuma kulikuwa na mama na watoto wake wawili wanawahi basi. Noma.

Fundi wa kwanza aliweka fyuzi mpya akasepa. Wa pili, fyuzi mpya. Wa tatu ndio alikuwa msanii hasa: akachomeka ya ampia 30, ile ya kijani. “Hii haiungui tena, kaka, lala usingizi.” Na kweli haikuungua. Siku ya pili kikaanza kunuka plastiki chini ya usukani.

Hebu tupige hesabu ya darasa la saba hapa, maana ndipo watu wanapopigwa. Balbu moja ya taa ndogo inakula wati 5. Weka mbili za mbele, mbili za nyuma, mbili za kumulika namba ya gari, jumla wati 30. Ongeza vibalbu vya dashibodi, hufiki hata wati 60. Gawanya kwa volti 12 za betri, unapata ampia 5. Sasa fyuzi ni ya 15, mara tatu ya kinachohitajika. Utasemaje imeungua kwa sababu ni ndogo? Ikiungua ujue kuna umeme unatoroka kwenda kwenye bodi bila kupita kwenye balbu, yaani shoti. Kazi ya fyuzi ni kufa ili waya usife. Ukiweka ya 30, au ukazungushia kipande cha waya wa shaba kama wanavyofanya wajanja wa mjini, waya mwembamba ulioko nyuma ya dashibodi ndio unageuka fyuzi, na umelala juu ya kapeti na sponji.

Nikamburuta mshikaji hadi Ilala kwa mzee mmoja mwenye gereji bubu chini ya mwarobaini. Watu wanawadharau hawa wa gereji bubu, lakini wapo ambao vichwa vyao vimetulia kuliko wenye mabango. Tukamsalimia, “Shikamoo mzee.” “Marahaba wanangu.” Alipoona ile fyuzi ya kijani akaichomoa hapo hapo, akaitia mfukoni kama mtu anayemnyang’anya mtoto wembe. Hakugusa bisibisi. Akauliza swali moja.

“Inaungua lini?”

“Usiku, mzee.”

“Usiku wote?”

Mshikaji akakuna kichwa. Kumbe akiwabeba watu wa baa, hata wiki nzima inapita salama. Inaungua akiwa na safari za alfajiri za stendi ya Mbezi.

“Wa baa wana mizigo?”

“Hawana.”

“Wa stendi je?”

Mzee akaenda moja kwa moja kwenye buti.

Alichofanya unaweza kukifanya hata wewe nyumbani. Alichukua balbu ya breki ya wati 21, akaifunga nyaya mbili, akazichomeka pale fyuzi inapokaa, kisha akawasha taa ndogo. Balbu hiyo haipitishi hata ampia 2, kwa hiyo hakuna kitakachoungua hata shoti ikitokea. Kama njia ni nzima, balbu inafifia kidogo, maana inagawana umeme na taa za gari. Shoti ikigusa tu, inawaka kwa nguvu zake zote. Akaniweka mimi niitazame, yeye akawa anafungua na kufunga buti taratibu. Mara ya nne, paa! Ikawaka kama ya kuhani msiba. Kwenye bawaba ya buti palikuwa na waya mwekundu, mwembamba kama tambi, umechubuka hadi shaba inaonekana. Haukuwa wa kiwandani. Mtu alifunga taa za urembo kuzunguka namba ya nyuma, akaiba umeme kwenye waya wa taa ndogo, akausokota kwa vidole na kuubandika selotepu. Kila buti likipanda na kushuka, chuma kinausaga.

Dakika ishirini kazi imekwisha: waya wa urembo ukatolewa wote, pale ulipoungwa pakasafishwa na kufungwa vizuri, fyuzi ya bluu ikarudi kwenye kiti chake. Mafundi watatu walishakula hela yake, na hakuna hata mmoja aliyeuliza inaungua lini.

Nyie wa betri nanyi nisiwasahau. Kabla hujanunua ya tatu, angalia kama taa ya ndani ya buti inazima ukifunga. Katabalbu kale ka wati 5 kanakula ampia 0.4. Ukipaki Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi ni saa 60, kameshanyonya ampia-saa 24 au 25, zaidi ya nusu ya betri ya 45. Halafu unamlaumu Mhindi wa dukani. Na ukikanyaga breki ukaona indiketa nayo inawaka kwa mbali, usinunue balbu. Kwanza kakwangue kutu pale waya wa ethi ulipofungwa kwenye bodi. Hewa yetu ya chumvi hii inatafuna kila kitu.

Na fundi akitaka kuchomoa betri huku gari linanguruma eti anapima oltaneta, mshike mkono. Anaweza kukuunguzia kontroli boksi. Mita tu inatosha: injini ikiwa inaunguruma, kwenye betri isome kati ya volti 13.8 na 14.5.

Tangu siku ile huu ni mwezi wa nne, fyuzi ni ile ile ya bluu. Mshikaji alipolirudisha gari jioni, akamweleza tajiri kila kitu, jinsi lilivyoponea lori na jinsi lilivyokaribia kuwaka moto. Tajiri akalizunguka mara moja, akasimama nyuma, akanuna.

“Sasa taa zangu za urembo mmezipeleka wapi?”