Mngurumo wa Feni na Masurufu ya Kompyuta

Miongoni mwa vyombo vyote ambavyo zama hizi zimeviingiza katika ofisi na shule zetu, kompyuta mpakato ni chombo kipole mno: hufanya hesabu, huandika barua, huhifadhi amana za watu, na katika kazi zote hizo aghalabu haisikiki, ila kwa mvumo wa feni ndogo iliyofichwa tumboni mwake. Kwa hiyo mvumo huo unapogeuka kuwa mngurumo usiokoma, inampasa mwenye chombo asikilize kwa makini, kwa maana kuna jambo anaarifiwa. Rai yangu ni kwamba tumezoea kuuchukulia mngurumo huo kuwa kero ya masikio, ilhali ni dai la haki. Na dai hilo halimhusu fundi peke yake, bali linawahusu hasa wale wanaopanga fedha za umma, madhali ndio wanaozipeleka kompyuta mahali pa joto na vumbi bila kuzipa masurufu ya kuishi huko.

Kwa mfano wa mahali pa namna hiyo, naitaja Tura kwa makusudi. Kata hiyo ya Wilaya ya Uyui, mkoani Tabora, imeijua habari ya masurufu tangu enzi za mababu. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe na Ujiji iliivuka kwanza nyika kavu iliyoitwa Mgunda Mkali, ndipo ikaingia Tura, mlango wa mashariki wa Unyamwezi, ikapata nafaka, maji na kivuli. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipita hapo mwaka 1857, na Stanley akapita mwaka 1871. Lakini kabla yao na baada yao walipita wapagazi wengi wa Kinyamwezi ambao majina yao hayakuandikwa popote, kila mmoja na mzigo wa takriban frasila mbili begani. Mkuu wa msafara mwenye busara hakuthubutu kuingia Mgunda Mkali kabla ya kukadiria chakula na maji ya watu wake, kwa kuwa alijua kwamba uzito wa pembe na uzuri wa nguo havimfai kitu endapo mbebaji ataanguka njiani. Hata Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, ikipitia Tura, injini zake za moshi hazikuachwa zijitafutie maji na mafundi, bali viliwekwa vituo na karakana za kuzihudumia. Leo katika mizigo inayoshushwa kando ya njia hiyo zimo kompyuta, na hizo ndizo tunazozipeleka mikono mitupu.

Yafaa tufahamu kwanza feni hiyo imewekewa kazi gani. Kichakataji, yaani kile kipande kinachofanya hesabu zote za kompyuta, hugeuza karibu umeme wote kinaoutumia kuwa joto, na joto hilo lisipoondolewa hupanda kwa kitambo kidogo hadi kukaribia nyuzi 100 za Selsiasi. Kwa sababu hiyo watengenezaji hulaza juu yake bomba jembamba la shaba, ambalo hulichukua joto na kulifikisha kwenye safu ya vipande vyembamba vya madini ukingoni mwa chombo. Na feni huvuta hewa ya nje kwa tundu za chini, ikaipitisha katika mianya ya vipande hivyo, hewa ikatoka ubavuni pamoja na joto lake. Baina ya kichakataji na bomba hupakwa dawa nzito ya kupitisha joto, ambayo kwa kupita miaka hukauka na kupungua nguvu. Joto likizidi, kompyuta huiamuru feni izunguke mbio zaidi. Likizidi tena, kompyuta hupunguza kasi ya kazi yake yenyewe. Na likivuka mpaka, chombo hujizima ghafla ili kujinusuru, hata kama kazi ya mwenyewe haijahifadhiwa.

Sasa na tuitazame hali ya Tabora. Mvua za huko huanza aghalabu mwezi wa Novemba na kukoma Aprili au Mei. Miezi inayosalia ni ya kiangazi, ambapo udongo wa kichanga hutifuliwa na kwato za ng'ombe, magurudumu ya malori na pepo za mchana, na mwezi wa Septemba na Oktoba joto la adhuhuri hupita nyuzi 30. Vumbi lile laini halizuiliwi na wavu wa dirisha. Huingia katika tundu za kompyuta pamoja na hewa, likachanganyika na nyuzi za nguo na moshi wa kuni, likafanya utando mzito unaoziba mianya ile ya kutolea joto. Tena kuna jambo la pili, ambalo halionekani kwa macho: Tabora imeinuka karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya kimo hicho ni nyepesi kuliko hewa ya Dar es Salaam kwa takriban sehemu moja katika kumi, hata feni ikizunguka kwa kasi ileile huondoa joto pungufu. Basi chombo kilichokuwa kimya dukani Kariakoo huenda kikapaza sauti Tura kabla hata hakijaingiwa na vumbi, nacho kisihesabiwe kuwa kibovu kwa sababu hiyo.

Ndiyo maana maarifa ya kwanza katika jambo hili ni kuzibainisha sauti. Mvumo unaopanda kazi inapokuwa nzito na kushuka kazi inapokwisha ni dalili ya siha, wala hauhitaji tiba. Mvumo mkubwa usioshuka hata chombo kinapokuwa hakina kazi huonyesha moja ya mambo mawili: ama mianya imeziba, ama ipo programu inayojifanyia kazi bila idhini ya mwenyewe, pengine kirusi, na hili la pili hujulikana kwa kufungua orodha ya programu zinazokitumia kichakataji, kabla mtu hajashika bisibisi. Sauti ya kukwaruza au kugongagonga hutokana na beringi iliyolika, au uchafu, au mdudu aliyekwama katika mapanga ya feni. Na ikiwa uchafu umeondolewa na sauti ikabaki, feni hiyo ibadilishwe bila kusitasita, kwa kuwa bei yake ni ndogo mno ukiipima na bei ya kompyuta nzima.

Kusafisha vumbi si siri ya mabingwa. Kompyuta huzimwa, ikachomolewa chaja, na betri ikatolewa au waya wake ukachomolewa. Kifuniko cha chini hufunguliwa kwa bisibisi inayolingana na skrubu zake. Mapanga ya feni hushikwa kwa kijiti yasizunguke. Kisha vumbi huondolewa kwa brashi laini na kwa blowa, kwa mipulizo mifupi mifupi. Na ikiwa ni miaka tangu chombo kifunguliwe, dawa iliyokauka juu ya kichakataji hufutwa na mpya ikapakwa, kidogo tu. Kuyashika mapanga yasizunguke huonekana jambo dogo, lakini pepo kali huweza kuizungusha feni kupita kiasi ilichoundiwa, ikaharibu beringi ambayo hadi saa hiyo ilikuwa nzima.

Walakini yanayotendeka kwetu mara nyingi ni kinyume cha hayo. Wako wanaopeleka kompyuta kwa wajaza pepo za matairi, ambako hewa hutoka kwa nguvu nyingi ikiwa na unyevu na mafuta ndani yake. Wako wanaopuliza kwa vinywa vyao, na mate yakaingia pasipotakiwa mate. Wako wanaofanya kazi chombo kikiwa juu ya godoro au mto, tundu za chini zikazibwa zote. Na katika ofisi nyingi kitambaa kizuri cha kufuma, kilichotandikwa kwa nia njema ya kuzuia vumbi, huachwa kimefunika kompyuta inayofanya kazi. Lakini hasara iliyo kubwa kuliko zote huletwa na wale ambao, wakiwa wamechoshwa na sauti, huichomoa feni au kuilazimisha izunguke polepole ili wapate utulivu. Utulivu huo hununuliwa kwa uhai wa chombo, na chombo chenyewe pengine ni mali ya umma.

Lau hayo yote yangekuwa baina ya mtu na mali yake, pasingekuwa na haja ya kuyaleta gazetini. Lakini kazi za serikali za mitaa zimehamia ndani ya kompyuta. Shule na zahanati huingiza hesabu za fedha zake katika mfumo wa kielektroniki. Vituo vingi vya tiba huandikisha wagonjwa katika GoTHOMIS. Na ununuzi wa umma umepelekwa katika mfumo wa NeST, hata shule inayotaka saruji ya kumalizia darasa sharti ipitie humo. Kompyuta ya ofisi moja ikijizima kwa joto siku ya kufunga hesabu, malipo ya fundi mwashi hukaa, oda ya vifaa hukawia, na mwananchi aliyetembea tangu alfajiri huambiwa arudi kesho. Tusisahau pia vishikwambi ambavyo walimu walikabidhiwa baada ya kutumika katika Sensa ya Agosti 2022: vyombo hivyo havina feni, na vinapopata joto hupunguza kasi kimyakimya, hata mwalimu akadhani kuwa kosa ni la mtandao. Kompyuta inayonguruma inatufanyia ihsani, kwa kuwa inatupa habari ya maradhi yake mapema, wakati tiba bado ni brashi.

Taifa letu lina funzo la kale katika mlango huu. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na hesabu za nchi zikaanza kukabidhiwa mashine kabla ya kupatikana wataalamu wa kutosha wa kuisimamia; taabu na gharama zikazidi manufaa, hata mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na ilichukua miaka mingi milango kufunguliwa tena. Wako wanaoilaumu amri hiyo kuwa ilituchelewesha, na lawama yao ina uzito wake. Ila mimi naitazama kuwa ni ushahidi wa kosa lililotangulia amri yenyewe: chombo kilitangulizwa, na watu wa kukitunza wakaachwa nyuma. Leo hatuna marufuku, tuna wingi wa vyombo. Lakini kosa lile tunalirudia katika kila kata ambayo kompyuta inapokewa kwa picha na makofi, kisha haifunguliwi mpaka siku itakapokufa.

Nitajibiwa kwamba fedha za halmashauri ni haba, na kwamba ziko haja kubwa kuliko brashi na dawa ya kichakataji. Haja hizo nazikiri. Lakini uhaba wa fedha ni hoja ya kutunza, haujapata kuwa hoja ya kupoteza. Halmashauri isiyo na fedha za kununua brashi itazitoa wapi za kununua kompyuta nyingine? Tena chombo kilichokufa nacho kina gharama zake, kwa kuwa tangu mwaka 2021 nchi ina kanuni za usimamizi wa taka za vifaa vya umeme na elektroniki, na kompyuta mbovu haistahili kutupwa jalalani ikachomwa pamoja na maganda. Nitajibiwa pia kwamba mafundi wako mjini, na kutoka Tura hadi Tabora ni safari. Ni kweli, na hiyo ndiyo sababu ya kuupeleka ufundi ukae karibu na chombo, badala ya kukisafirisha chombo kila kinapolia. Kazi niliyoieleza hapo juu hufundishika kwa siku moja au mbili kwa mwalimu, karani au mhudumu mwenye mkono mtulivu, na vijana wanaosomea umeme na elektroniki katika vyuo vya VETA wangeweza kuifundisha na kujipatia riziki ya halali.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. La kwanza, kila kompyuta inayonunuliwa kwa fedha za umma iagizwe pamoja na masurufu yake katika oda ileile: bisibisi, brashi, blowa ya mkono, dawa ya kupitisha joto, na feni ya akiba kwa kila idadi fulani ya kompyuta za aina moja. La pili, kila kata iwe na mtu mmoja aliyefunzwa, mwenye daftari linaloonyesha kila chombo, mahali kilipo, na tarehe kiliposafishwa; na kusafisha kuwe walau mara mbili kwa mwaka, mvua zinapokoma na kabla ya joto la Septemba. La tatu, fungu la utunzaji liandikwe peke yake katika makisio, wala lisimezwe na fungu la shajala, maana fungu lisilo na jina huwa la kwanza kukatwa.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, wakati ambao vumbi la kiangazi limekwisha anza kutanda Uyui nzima. Madiwani wanapoletewa makisio, na waisome orodha ya kompyuta zitakazonunuliwa, waulize kwa kila moja fungu la kuitunza liko wapi na nani amefunzwa kuifungua. Na pale ambapo jibu halipo, wairudishe orodha hiyo kwa mtendaji aliyeileta, wasipitishe shilingi ya kununua mpaka ipatikane shilingi ya kutunza.