Ganzi Kwanza, Ndugu Zangu

"Jikaze mama, ni dakika chache tu." Wanawake wengi waliosafishwa kizazi baada ya mimba kuharibika wameambiwa hivyo. Ni kweli, bomba la kufyonza kwa mkono linalotumika kusafishia humaliza kazi upesi, mara nyingi ndani ya dakika kumi. Lakini uchungu wake unaweza kuwa mkali, na una dawa ya bei nafuu.

Mlango wa kizazi huuma unapopanuliwa. Hapo panahitaji sindano ya ganzi, lidokeini, ichomwe kandokando ya mlango huo, na mhudumu asubiri dakika chache ishike. Kisha kizazi chenyewe husokota kinapofyonzwa. Ibuprofeni hupunguza msokoto huo, ila imezwe nusu saa hadi saa moja kabla. Ukipewa ukiwa umeshapanda kitandani, imechelewa. Parasetamoli peke yake haifui dafu. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kila mwanamke apewe dawa ya maumivu kama kawaida ya huduma, wala nusu kaputi si lazima.

Basi dada, uliza mapema: nitapewa dawa gani ya maumivu, na saa ngapi? Taja vidonda vya tumbo, pumu, au dawa iliyowahi kukudhuru. Ukizidiwa, sema wasimame kwanza. Nawe baba uliyemsindikiza mkeo, muulizie. Yeye huenda ana hofu na majonzi, hana nguvu ya kudai.

Wauguzi na madaktari wetu, foleni zenu tunaziona. Hata hivyo wapo wanaoachwa waumie kwa sababu tu wanashukiwa kuitoa mimba wenyewe. Jambo hili linaniumiza kuliko yote. Aliyelala pale ni mgonjwa, na ganzi ni haki yake, iwe mimba ilitoka vipi.

Wajumbe wa kamati za zahanati na vituo vya afya, mkikaa kupanga manunuzi, ulizeni stoo: lidokeini na ibuprofeni zipo? Na kama zipo, zinafika chumba cha kusafishia kizazi, au lidokeini yote inaishia kwenye kushona vidonda?