Nyutro Haijazi Tangi

Madereva wa Kagera wana siri moja ya kazi wanayorithishana. Ukitoka Kamachumu kuteremkia Muhutwe, ukiona tu barabara imeinama, weka nyutro, gari lijishukie lenyewe. Mshale wa mizunguko unaanguka, injini inanguruma kwa upole, na dereva anajihesabia kuwa ameokoa hela ya chai. Hajaokoa kitu. Kwa magari mengi yanayokimbia kati ya Bukoba na Muleba leo, amechoma mafuta ambayo yangebaki kwenye tangi kama angeiacha gia mahali pake.

Jibu liko kwenye nozeli. Magari kama IST, Raum, Noah na Probox hupuliza petroli kwa amri ya kompyuta. Gari likiwa kwenye gia, mguu ukaondoka kwenye mafuta na magurudumu ndiyo yakawa yanaizungusha injini, kompyuta huzifunga nozeli kabisa. Hazifunguki tena mpaka mizunguko ikaribie ile ya gari lililosimama. Ukiweka nyutro, umeitenganisha injini na magurudumu. Sasa kitu pekee cha kuifanya isizime ni petroli. Injini ndogo katika hali hiyo hunywa kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, na kiyoyozi kikiwashwa inazidi.

Mteremko wa kilomita 3 kwa mwendo wa 40 ni dakika nne na nusu, yaani mililita 60 hivi. Kidogo, ndiyo. Lakini ndicho kile kile anachodhani anakiokoa, na kwa ajili yake ameweka breki rehani. Bila injini kulizuia gari, mzigo wote unahamia kwenye pedi na diski. Zikipata moto kupita kiasi, kanyagio linakanyagika lakini gari halishikiki. Wapo hata wanaozima injini kabisa: hao wanapoteza usukani mwepesi, na baada ya kukanyaga mara chache breki inakuwa ngumu kama jiwe. Na abiria wa nyuma, waliobanana na mizigo yao, hakuna aliyeulizwa.

Imani hii haikuzuka hewani. Enzi za Peugeot 504 za kabureta, injini iliyozungushwa na mteremko iliendelea kuvuta petroli, kwa hiyo nyutro ilikuwa na hoja. Kabureta zimeondoka, wosia wake umebaki.

Haki itendeke pia: kwenye mteremko mlegevu usiohitaji breki, gari la nyutro huserereka mbali zaidi kuliko lile linalozuiwa na gia, na kampuni kadhaa za Ulaya zimeunda magari yanayofanya hivyo yenyewe kwa kompyuta. Ila ukishakanyaga breki, kasi uliyoipata bure unaigeuza moto. Milima ya Muleba haishukiki bila breki. Dawa yake ni gia nzito. Kwenye otomatiki, 2 au L.

Anayelia na bei, na ana haki ya kulia, kwa kuwa mafuta husafiri zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Dar es Salaam na bei kikomo za EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati, huonyesha hivyo kila mwezi, atazame juu ya gari lake. Mikungu ya ndizi kwenye keria hupambana na upepo njia nzima. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kuwa sanduku kubwa la mizigo juu ya paa hula asilimia 6 hadi 17 ya ufanisi wa mafuta barabara kuu, na kukanyaga mafuta kwa pupa kisha kufunga breki kwa ghafla hula asilimia 15 hadi 30. Hapo ndipo pesa inapovujia, pamoja na tairi zisizo na upepo wa kutosha, ambazo wengi huzikagua kwa teke.

Mbishi asiamini maandishi. Amwombe fundi wa umeme wa magari mwenye mashine ya kusoma kompyuta, waichomeke, washuke pamoja mara mbili: kwanza kwenye gia, kisha nyutro. Namba ya muda wa nozeli itasoma sifuri mara moja tu, na si ile ya nyutro.