Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi: mafundi wa simu wa Mubi wafundishwe ulinzi

Bwana Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia toka Mubi, teritori ya Walikale. Huko Kinshasa jina letu likitajwa, hutajwa pamoja na kasiterite ya mgodi wa Bisie au pamoja na vita. Mimi nataka tuzungumze juu ya simu.

Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki za kule zilifunga milango. Machi mwaka uleule waasi wakafika hadi Walikale-centre, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Tangu hapo, anayebeba noti njiani anajitafutia kifo, na sehemu kubwa ya biashara yetu imehamia ndani ya M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Ajenti mwenye meza na mwavuli anafanya kazi ambayo zamani ilihitaji kasha la chuma, keshia na askari mlangoni. Yeye ana simu tu, na namba yake ya siri mara nyingi inajulikana kwa ndugu wawili watatu wanaopokezana zamu.

Mwizi wa pesa hizo hana haja ya bunduki. Anapiga simu akilia kwamba ametuma pesa kwa makosa na mtoto yuko hospitali. Au anajifanya mtu wa kampuni ya simu, eti anasahihisha akaunti. Wengine wanahamishia namba yako kwenye kadi yao. Wewe unaona rezo imepotea, unadhani ni mnara kama kawaida ya hapa, kumbe akaunti inakaushwa. Ukishaibiwa utamwendea nani? Hapa hatuna fundi aliyefundishwa kufuata nyayo za wizi wa namna hiyo, na polisi naye atakuandikia karatasi tu.

Usiseme hayo ni mambo ya maskini wa porini. Oktoba 2020, Uganda, wezi waliingia katika mitambo ya kampuni iliyounganisha benki na mitandao ya simu, na huduma za kutuma pesa kati ya MTN, Airtel na benki ya Stanbic zikasimamishwa. Kampala ina mainjinia kutushinda sisi mara nyingi, na bado mlango ulipatikana. Shirika la ISC2 lilikadiria mwaka 2024 kwamba dunia inapungukiwa na wataalamu wa usalama wa mitandao wapatao milioni 4.8. Kijana wa Goma akiijua kazi hiyo vizuri, atavutwa Kinshasa au Nairobi, ama ataajiriwa na Wazungu huku amekaa kwake. Mwenye duka wa Mubi hataweza kushindana nao kwa mshahara.

Sheria tunayo: ile ya numeriki ya tarehe 13 Machi 2023, yenye hata wakala wa taifa wa usalama wa mitandao. Intaneti nayo inakuja mbio. Mei 2025 ARPTC, mdhibiti wa mawasiliano, iliipa leseni Starlink ya intaneti ya satelaiti, baada ya kuikataza mwaka uliotangulia. Kinachokosekana ni watu.

Nimekuandikia wewe, si waziri, kwa sababu INPP iliundwa mwaka 1964 kufundisha watu kazi, na inaishi kwa mchango wa waajiri. Mwajiri wa watu wasiozidi 50 anadaiwa 3% ya mishahara. Mwenye zaidi ya 300 anadaiwa 1%. Yaani kwa kila franka ya mshahara, mdogo ndiye anayetoa zaidi. Sibishani na hesabu hiyo (mkubwa hujifundishia watu wake, naelewa), lakini naona ni haki kuuliza mdogo anarudishiwa nini. Bisie ilitoa tani 17,324 za stani mwaka 2024; kampuni ya kiasi hicho inaweza kujinunulia wataalamu. Wanaoiuzia chakula na usafiri hawawezi, na mwizi anayeleta faktura ya uongo atapita kwao kwanza.

Siombi chuo cha maghorofa. Naomba muanze na mafundi wa simu wa sokoni. Hao ndio wanaofungua simu zetu, wanaoweka programu, wanaorudisha namba za siri zilizosahauliwa. Mama anamwachia fundi simu asubuhi, na ndani yake mna akiba yake yote. Fundi huyo anaweza kuwa mlinzi au mwizi, na mpaka sasa hajatokea mtu wa kumweleza mpaka uko wapi. Wafundisheni wiki sita, pamoja na maajenti, ambao wengi ni wanawake. Wafundisheni kwa Kiswahili, kwa maana maonyo mengi yanatufikia kwa Kifaransa na watu wanayafuta bila kuyasoma. Watakaofanya vizuri wapelekwe mbele, wakajifunze kulinda kompyuta za ofisi, hospitali na koperative za wachimbaji, kwa mkataba wa kurudi kutumikia kwao muda fulani.

Tena mafunzo hayo yawe na cheti chenye muhuri wenu. Semina za siku mbili zenye soda na kofia tumezishiba. Hakuna mwajiri anayempa mtu kazi kwa sababu ya kofia.

Tunaomba jibu la maandishi juu ya mambo mawili: mchango uliotoka Walikale umefundisha watu wangapi wa Walikale, na kama mkufunzi anaweza kupatikana. Chumba, tutakitafuta sisi. Mkufunzi aje na paneli yake ya jua, umeme wa hapa asiutegemee.

Mfanyabiashara wa Mubi