Filamu Iliyopotea na Kaseti za Bibi

Wazazi wenzangu,

Jumamosi mbili zilizopita niliwaomba watoto wa darasa la wakubwa wamrekodi bibi au babu akisimulia jambo lolote la zamani. Mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, hadithi ya bibi ninaijua. Si niiandike tu kwa ufupi?" Siku hiyo hiyo mzazi mmoja akaniambia maneno ya namna hiyo, kwa upole kabisa: Kiswahili kipo vitabuni, sasa sauti za wazee zenye vikohozi na kelele za jirani tutaziweka wapi?

Naomba niwajibu wote wawili kwa kuwasimulia habari za filamu ambayo ninyi hamtaiona, wala mimi sitaiona.

Inaitwa Forever. Ilitoka Marekani mwaka 1921, wakati filamu zilikuwa bado bubu. Aliiongoza George Fitzmaurice, na waigizaji wakuu ni Wallace Reid na Elsie Ferguson, watu mashuhuri wa siku hizo. Hadithi ilitoka katika riwaya ya George du Maurier ya mwaka 1891, Peter Ibbetson. Watoto wawili wanacheza pamoja Paris, kisha wanatenganishwa. Wanakutana tena wakiwa watu wazima, lakini mwanamke ni mke wa mtu. Mwanamume anamuua mjomba aliyemlea, anafungwa maisha. Tangu hapo wanakutana usingizini tu. Kila usiku, miaka nenda miaka rudi, wanaota ndoto moja wakiwa mbalimbali, na ndani yake wanarudi kwenye bustani ya utoto wao, wanajiona wenyewe wakiwa wadogo. Riwayani wanakwenda nyuma zaidi ya hapo, hadi zama za mababu wa mababu zao.

Nimewasimulia vizuri? Basi mnaijua. Riwaya ipo, mnaweza kuinunua. Filamu nyingine ya hadithi hiyo ilitengenezwa mwaka 1935, akaigiza Gary Cooper, na hiyo bado ipo. Lakini Forever yenyewe imepotea. Uso wa Elsie Ferguson ulivyobadilika alipomtambua yule mwenzake wa utotoni, hakuna muhtasari utakaoturudishia.

Na Wallace Reid mwenyewe hakukaa sana baada yake. Mwaka 1919 alikuwa ameumia katika ajali ya treni safarini kwenda kupiga filamu, akapewa mofini ili kazi iendelee. Akawa mtumwa wa dawa hiyo. Alifariki Januari 1923, ana miaka 31. Mimi ni muuguzi, mofini naishika karibu kila wiki, na ni dawa nzuri sana ikitumiwa panapostahili. Ila kumtuliza mtu maumivu ili apone ni jambo moja, na kumtuliza ili asiache kazi ni jambo jingine. Mke wake, Dorothy Davenport, alitengeneza filamu mwaka huo huo wa 1923 kuonya watu kuhusu dawa hizo. Nayo imepotea.

Zilipoteaje? Mkanda wa wakati ule ulitengenezwa kwa nitrati, kitu kinachoshika moto upesi na kuendelea kuwaka hata ukikitia majini. Mwaka 1937 ghala la kampuni ya Fox huko New Jersey liliungua, filamu nyingi zikateketea. Lakini msiusingizie moto kila kitu. Picha zilipoanza kusema, mwishoni mwa miaka ya 1920, zile bubu zilionekana hazina faida. Nyingine ziliachwa zikaoza, nyingine ziliyeyushwa makusudi ili watu wapate fedha iliyomo kwenye mkanda. Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa utafiti mwaka 2013: kati ya filamu ndefu bubu karibu 11,000 za Marekani, ni asilimia 14 hivi tu zilizobaki kamili katika mkanda wa asili. Waliozitupa hawakuwa watu wabaya. Labda wengine walidhani nakala nyingine iko kwa mwenzao.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo lililonifanya niandike. Baadhi ya zile zilizookoka zilipatikana mbali kabisa na kwao. Mwaka 1978, Dawson City, kaskazini mwa Kanada, watu walichimba wakakuta mikanda zaidi ya 500 imefukiwa katika bwawa la kuogelea la zamani. Mji ule ulikuwa kituo cha mwisho cha safari ya filamu, na wenye mali hawakutaka kulipia gharama ya kuirudisha mikanda. Nyingine, ikiwemo ya John Ford ya mwaka 1927, zilipatikana New Zealand. Kwao hazikuwepo tena.

Kituo cha mwisho ni sisi, wazazi wenzangu.

Bibi yangu Tanga hakujua kuandika. Mama mdogo alipohamia huku Uingereza, bibi alimpelekea kaseti badala ya barua. Alikaa ukumbini na redio kaseti, sisi watoto tukaamriwa kimya, akazungumza hadi upande wa kwanza ukaisha. Mama mdogo naye alijibu kwa kaseti. Zile za majibu, zilizobaki nyumbani, hakuna hata moja leo. Najua kwa sababu baadhi yake nilizifuta mimi, nikirekodi taarabu kutoka redioni juu ya sauti yake.

Lakini za bibi zilikuwa huku. Mwaka jana nilimsaidia mama mdogo kuhama nyumba, tukakuta tatu ndani ya boksi la viatu. Mbili zimeshika ukungu. Ya tatu ililia. Bibi anasema "mwanangu, huku sote wazima," kisha kuku anapita, kisha mtoto anakohoa na bibi anamkatiza: "Nyamaza wewe, dadako anasikia!" Mtoto yule ni mimi. Bibi ana miaka zaidi ya ishirini kaburini.

Kwa hiyo kwa mwanafunzi wangu: hapana, usiandike kwa ufupi. Mwache bibi akohoe. Ila kwanza muulize kama anapenda. Mimi kazini sigusi mkono wa mgonjwa kabla ya kumwambia ninataka kufanya nini, na sauti nayo ni mwili wa mtu. Akikataa, hapo ndipo uandike.

Na kwenu wazazi: fungueni makabati, ulizeni mashangazi na wajomba. Kaseti msizichezeshe kwanza, hasa zenye ukungu, mkanda unaweza kukatika. Zileteni Jumamosi ijayo zilivyo, na jina la mzungumzaji kwenye karatasi. Nitakuja na redio kaseti na waya wa kuhamishia sauti kwenye kompyuta. Nitakuwa chumba cha nyuma, karibu na jikoni, kuanzia saa nne asubuhi.