Chokoleti Huanzia Shambani

Makala iliyodai kwamba chokoleti ni zao la ubunifu wa Uswisi, na kwamba kazi ya mkulima ni kuuza mbegu tu, imepotosha wasomaji. Ni kweli Daniel Peter alitengeneza chokoleti ya maziwa mwaka 1875, na Rodolphe Lindt mwaka 1879 akavumbua mashine ya kuilainisha. Hilo silipingi.

Lakini ladha yenyewe inatoka wapi? Tunda la kakao likipasuliwa, mbegu hutoka zimefunikwa na nyama nyeupe yenye utamu. Mkulima huzirundika, huzifunika kwa majani ya migomba na kuziacha zichachuke kwa siku tano hadi saba, akizigeuza. Joto hupanda hadi karibu nyuzi 50, mbegu hufa, na ndani yake huanza kuumbika viini vya ladha ambayo baadaye ukaangaji huidhihirisha. Kisha huzianika. Mbegu isiyochachuliwa vizuri ni chungu na hukwaruza ulimi. Hakuna kiwanda cha Zurich kinachoweza kuirekebisha. Huo ni ustadi, na wakulima wa kakao wa Kyela, Tanzania, wanaufahamu vema.

Tena, watu wa Ekuador walikuwa wakitumia kakao miaka zaidi ya 5,000 iliyopita. Leo Côte d'Ivoire na Ghana pekee huzalisha zaidi ya nusu ya kakao yote duniani.

Namwomba mwandishi aende shambani wakati wa mavuno, aone kazi inavyofanyika, kisha aandike upya.