Vitisho Havichanji Mtu

Ipo kauli inayotolewa kana kwamba haina mpinzani: anayetunza wazee au watu wenye ulemavu akikataa chanjo, afukuzwe. Inasikika kama huruma kwa wanyonge. Mimi naiona kuwa ni uvivu wa watawala waliokosa subira ya kuongea na watu wao.

Chanjo ya UVIKO-19 iliokoa maisha, na anayemwogesha na kumlisha mgonjwa ana sababu kubwa kuliko wengi ya kuchanjwa. Hilo silibishi. Ninachobisha ni kwamba mtu huaminishwa kwa kutishiwa njaa.

Tazama England. Kuanzia Novemba 11, 2021, wahudumu wa makao ya matunzo walilazimika kuwa na dozi mbili, isipokuwa wenye msamaha wa kitabibu. Serikali yenyewe ilikuwa imekadiria kwamba ingepoteza wahudumu wapatao 40,000, na bado ikaendelea. Scotland na Wales, zilizokabiliwa na virusi vilevile, hazikuweka sharti hilo. Wa hospitali wangefuata Aprili 2022, lakini Januari 31 Waziri wa Afya, Sajid Javid, akatangaza kurudi nyuma. Machi 15 sharti likafutwa hata kwenye makao. Waliokwisha kuondoka walikuwa wameondoka. Februari ya mwaka huohuo, serikali iliyokuwa imewafungia mlango wahudumu wake ilikuwa ikilegeza viza ili kuleta wengine kutoka ng'ambo.

Na familia je? Novemba 2020, taasisi ya afya ya umma ya England ilionyesha kuwa watu wenye ulemavu wa akili walikuwa wakifa kwa UVIKO-19 takriban mara 6 zaidi ya wengine. Kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 34, mara 30. Hata hivyo wengi hawakuwekwa mbele kwenye foleni. Mtangazaji Jo Whiley aliitwa kuchanjwa kabla ya ndugu yake mwenye ulemavu huo, akapaza sauti, na Februari 24, 2021 ndipo wote waliosajiliwa kwa madaktari wao kuwa na ulemavu huo wakapewa kipaumbele. Familia zilizotaka chanjo ziliachwa zikibembeleza. Miezi michache baadaye, wahudumu waliosita wakatishiwa kufukuzwa. Dola ni ileile.

Kinga nyingine ilikuwepo, na ilijulikana mapema. Utafiti ulioitwa Vivaldi, uliofanywa mwaka 2020 kwenye makao ya matunzo ya England, ulionyesha maambukizi machache zaidi katika yale yaliyowalipa wahudumu wanapougua. Malipo ya kisheria ya ugonjwa, mwaka 2021, yalikuwa pauni 96.35 kwa wiki. Kwa kiasi hicho, mwenye kodi ya nyumba huja kazini akikohoa. Mbona kuwalipa mishahara kamili wanapougua hakukufanywa sharti la kisheria, kama chanjo?

Kenya nayo, Novemba 2021, ilitangaza kwamba asiyechanjwa atanyimwa huduma za serikali kuanzia Desemba 21. Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo hilo. Hiari yashinda utumwa; watawala wetu wanaijua methali hiyo, ila huisahau wanapobanwa.

Anayetaka wahudumu waliochanjwa awalipe wanapougua, awapelekee mchanjaji hata zamu ya usiku, na ajibu maswali yao bila dharau. Akikataa hayo matatu, asituhubirie kwamba anawapenda watu wenye ulemavu.